Nondo Aliyeota Tumbo

Jumatatu tarehe 15 Novemba 1954, saa moja na dakika arobaini asubuhi, katika kituo cha utafiti wa wadudu kule Temeke, nondo sita waliokufa zamani walionekana wameota matumbo.

Hivyo ndivyo Elinaza Mbwambo alivyomweleza Sajini Gaudens Rwegasira. Sajini alikuwa ameendesha baiskeli kutoka mjini kwenye jua kali, jasho linamtiririka mgongoni, akamwomba arudie tena polepole.

"Niliwakata mwenyewe, afande," Elinaza alisema. Alikuwa Mpare mwembamba wa miaka thelathini na tatu, fundi wa kutunza wadudu waliokaushwa. "Wiki tatu zilizopita. Kila mmoja nilimtoa tumbo kwa kibano. Jumamosi saa sita mchana nimefunga droo, hawana matumbo. Leo nimeifungua mbele ya Bwana Dakta, wanayo."

"Nondo akifa huota?"

"Hata akiwa hai haoti."

Sajini aliinama juu ya droo. Nondo sita wa kijivu, kila mmoja hakuzidi ukucha wa kidole gumba, walikuwa wamechomwa pini kifuani, mabawa yametandazwa. Chini ya kila nondo, kwenye pini hiyo hiyo, palikuwa na lebo mbili ndogo zilizopigwa chapa. Matumbo yalikuwepo, manene, mazima kabisa.

Dakta Whitcombe, mkuu wa kituo, alikuwa na maelezo mafupi zaidi. Alikuwa amerudi jana yake jioni kutoka safari ya wiki mbili Rufiji, na Kiswahili alikijua vizuri kuliko alivyojua kucheka.

"Nondo haoti tumbo, Sajini. Kwa hiyo hawa hawakukatwa kamwe. Kwa hiyo matumbo aliyonionyesha Elinaza kwenye vioo vya hadubini ni ya nondo wengine, aliowaokota anakojua yeye. Amenidanganya, na leo anasingizia mwizi. Alhamisi saa nne Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, atakuja hapa. Kama huna jibu jingine, Elinaza hana kazi, na wewe utamchukua kwa kosa la kughushi ushahidi. Ijumaa asubuhi shoka zitaingia Kawe."

Habari ya shoka hizo Sajini aliijua, maana mji mzima uliijua. Mwezi Septemba bwana shamba mmoja, Wilbert Komba, aliwakuta nondo kwenye misufi ya Kawe. Akasimama barazani pale Kawe akatangaza kwamba hao ndio nondo wa pamba, wale ambao viwavi wao walikuwa wameimaliza pamba ya wakulima wa Rufiji mwaka ule. Amri ikatoka: kila mti uliowahifadhi ukatwe na uchomwe. Misufi yenyewe, themanini na minne, ilikuwa ya mjane mmoja, Bi Bahiya binti Salim, aliyeipanda na marehemu mumewe, na karibu nusu ya mito ya kulalia ya Dar es Salaam ilijazwa sufi yake. Bi Bahiya hakulia wala hakwenda kwa wakili. Alikwenda Temeke akakaa kizingitini kwa Elinaza mpaka akaahidiwa kwamba nondo wake watatazamwa sawasawa. Elinaza akawatazama, akaandika ripoti ya kurasa mbili: hawa si nondo wa pamba, ni nondo wengine.

Sasa ripoti ilikuwa haina miguu ya kusimamia.

"Mbona huendi Kawe ukakamata wengine?" Sajini aliuliza.

"Shamba lilipigwa dawa siku kumi zilizopita, kungojea kukatwa. Haruki hata mbu. Madume waliosalia ni hawa sita tu."

Sajini Gaudens alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake kazini: katika kila kesi alichagua swali moja akamwuliza kila mtu lile lile, kama mtoto anayejifunza kusema. Alisema watu huweza kuandaa majibu ya maswali magumu, lakini swali jepesi huwakuta walivyo. Alifungua daftari, akavuta kiti.

"Elinaza, mtu akitaka kuwatofautisha nondo wawili wanaofanana hivi, afanyeje?"

Uso wa Elinaza ulibadilika. Kwa dakika kumi alisahau kwamba ni mtuhumiwa.

"Kwanza asiyaamini mabawa, afande. Hawa wa msufi wengi wana kistari chembamba pale ukingoni mwa bawa, wa pamba hawana. Lakini unga wa bawa hufutika. Nondo akizeeka, akijigonga kwenye taa, kistari kinapotea. Kwa hiyo tunatazama mahali ambapo maumbile hayafanyi mchezo." Alikohoa kidogo. "Dume ana vifaa vyake mwishoni mwa tumbo, vigumu, vya kumshikia jike. Kila aina ina umbo lake, mfano wa ufunguo na kufuli. Tunalichemsha tumbo kwenye magadi makali ya kutengenezea sabuni, nyama yote inayeyuka, kinabaki kile kigumu. Tunakilaza juu ya kioo."

Alimsogezea hadubini. Sajini alifumba jicho moja akatazama. Katika kioo cha kwanza aliona kitu cha rangi ya asali kilichopinda kama mundu. Katika kioo cha pili, cha nondo wa pamba wa Rufiji, palikuwa na kitu kilichogawanyika panda mbili.

"Huenda huyu wa kwanza alikuwa kilema," Sajini alisema.

"Mmoja angeweza. Sita hawawezi kuwa vilema wa namna moja. Na sikuishia hapo. Niliwafungia majike wa msufi na madume wa pamba, wakataga mayai zaidi ya mia, halikuanguliwa hata moja. Viwavi wa msufi nikawapa pamba changa, wakafa njaa chakula kiko mbele yao. Wewe kwenu Bukoba, afande. Mgeni akitazama migomba yenu huona nini?"

"Huona mgomba tu," Sajini alitabasamu. "Anakata ndizi za pombe anakwenda kupika, halafu anatutukana." Akachukua kioo cha kukuzia akairudia droo. "Lebo hizi huchomwa pini mara ngapi?"

"Mara moja. Lebo haiachani na nondo wake mpaka kiama. Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii."

"Na ipi inakaa juu?"

"Mahali juu, mmea chini. Bwana Dakta ameshika hivyo miaka kumi na minane."

Sajini alimkabidhi kioo. Kila lebo ilikuwa na matundu mawili, moja lina pini na moja liko wazi pembeni yake. Na kwenye pini zote sita neno MSUFI lilikuwa juu, KAWE chini.

Elinaza alishika ukingo wa meza. "Si mimi," alisema.

Karani wa kituo aliitwa Ansbert, Mngoni mwenye miwani, safi wa mavazi, ambaye kila mtu alijua kwamba hakupatana na Elinaza tangu shemeji yake mwenyewe alipoikosa ile kazi ya ufundi aliyoipata Elinaza. Ufunguo wa chumba cha wadudu ulitundikwa msumarini nyuma ya kiti chake. Sajini aliona hiyo ni sababu na nafasi katika mtu mmoja, na alikwisha kuona watu wakifungwa kwa pungufu ya hapo.

"Jumamosi alikuja nani?"

Ansbert alifungua kitabu cha wageni. "Mmoja tu. Muhdhar, mpwa wake Bi Bahiya. Saa sita na robo. Alipiga kelele hapa ofisini kwamba atakivunja kituo jiwe kwa jiwe, akaondoka saa sita na dakika ishirini na tano. Elinaza alishakwenda. Saa sita u nusu mie nikatoka kununua mkate, nikarudi saa saba kasoro dakika kumi, saa saba nikafunga."

"Ufunguo?"

"Msumarini." Ansbert aligeuka akautazama. "Ndio, najua."

"Mtu akitaka kuwatofautisha nondo hao wawili, afanyeje?"

Karani alivua miwani akaanza kuifuta. "Kwa sehemu zile."

"Zipi?"

"Afande, mie Jumapili nafundisha katekisimu. Ripoti ya Elinaza nimeipiga chapa mwenyewe, nakala mbili, moja ya Bwana Dakta na moja ya Bwana Wilbert kwa kuwa shamba liko katika eneo lake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa adabu. Ukurasa wa pili ni matumbo ya madume na vilivyomo, toka juu mpaka chini. Nilimaliza nikatoka nje kupunga upepo."

Sajini aliandika haya yote bila kucheka, jambo lililomgharimu.

Jumanne asubuhi alikwenda Kawe. Misufi ilikuwa imekauka majani, matunda yananing'inia, mengine yamepasuka na sufi nyeupe imetokeza. Kwenye kila shina palikuwa na alama ya msalaba wa chokaa. Bi Bahiya alikaa barazani kwake anachambua mbegu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupima kuni?"

"Nimekuja kuuliza. Ulimpa Elinaza kitu?"

"Nilimpelekea sahani ya halua. Kama hiyo ni rushwa, basi mji huu mzima nishauhonga."

Muhdhar alitoka ndani kabla hajaitwa, kijana wa kifua kipana, mpakia mizigo bandarini, hasira iko puani. Ndiyo, alipiga kelele Jumamosi. Ndiyo, angerudi tena. Sajini alimwuliza swali lake.

"Nondo ni nondo!" Muhdhar alisema. "Wote watiwe moto waache miti ya shangazi."

Sajini alitoa kiberiti mfukoni. Ndani mlikuwa na nondo mmoja mkavu asiye na kazi, yuko kwenye pini na lebo zake, ambaye Elinaza alimpa. "Hebu zitoe lebo za huyu kwenye pini, uzichome upya hapa pembeni. Taratibu."

Muhdhar alijitahidi kwa moyo wote. Nondo aligeuka unga kwenye vidole vyake, likabaki bawa moja likapeperuka. Aliyewahamisha nondo wale sita bila kuvunja hata unywele hakuwa na mikono hii.

"Na wewe, Bibi? Mtu akitaka kuwatofautisha, afanyeje?"

"Akae nao," Bi Bahiya alijibu mara moja. "Mie nimekaa na wangu miaka thelathini. Wanakula mbegu kidogo, wananiachia sufi yangu. Huyo bwana shamba alikaa nao robo saa."

Bwana shamba huyo, Wilbert Komba, alikuwa na ofisi yake Kinondoni, chumba kilichopakwa chokaa kikawaka. Alimkaribisha Sajini kwa chai. Alikuwa mtu wa kupendeza kwa kweli, kaptura imepigwa pasi ikasimama, maneno yanatoka kwa mpangilio. Ukutani alitundika kipande cha gazeti ndani ya fremu chenye picha yake, na maneno kwamba mwakani, mambo yakienda vizuri, atakwenda kusoma Uingereza na kurudi kuwa Mwafrika wa kwanza katika cheo kilichokuwa cha Wazungu peke yao. Pembeni ya picha palikuwa na sanduku la kioo la wadudu waharibifu aliowaandaa mwenyewe, kazi safi isiyo na bawa lililopinda. Sajini alisogea akalitazama kwa muda mrefu. Kila mdudu alikuwa na lebo mbili. MPUNGA juu, Ruvu chini. MAHINDI juu, Pugu chini.

"Mmea juu," Sajini alisema kama mtu anayesifia pambo.

"Sisi mabwana shamba tunaanza na mmea. Mkulima haulizi mdudu katoka wapi, anauliza anakula nini."

"Kweli hiyo. Na mtu akitaka kuwatofautisha nondo hawa wa Kawe na wa pamba, afanyeje?"

"Kwa bawa, afande. Elinaza anadai wa Kawe wana kistari ukingoni. Mimi sikukiona. Fundi wa pini anapojifanya mtaalamu, ndiyo matokeo yake."

"Mara ya mwisho kufika Temeke ilikuwa lini?"

"Mwanzo wa mwezi."

Sajini alimaliza chai yake, akashukuru, akapanda baiskeli. Njia nzima mpaka Magomeni alikuwa anajisemesha. Alijua anachokidhani, lakini kudhani hakupeleki mtu mahakamani, na kitabu cha wageni kilisema aliyefika Jumamosi ni Muhdhar peke yake.

Usingizi ulimletea jibu, na Jumatano saa mbili kamili asubuhi alisimama mbele ya meza ya Ansbert.

"Juzi nilikuuliza vibaya. Jumamosi, alikuja nani ambaye si mgeni?"

Ansbert alishangaa. "Ambaye si mgeni? Mleta maziwa. Na Bwana Wilbert."

"Bwana Wilbert!"

"Alifika saa sita u nusu nikiwa mlangoni natoka. Alisema atamngojea Bwana Dakta, nikamwambia hajarudi safari, akasema atapumzika kivulini kidogo. Niliporudi hayupo. Lakini, afande, bwana shamba si mgeni hapa, haandikwi kitabuni."

"Dakika ishirini," Sajini alisema, "na ufunguo msumarini." Akamwomba Dakta Whitcombe ruhusa ya kuingia chumba cha wadudu pamoja na Elinaza. Dakta alikubali kwa shingo upande, akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Aliyeweka nondo wazima katika droo ya nne, hii ya Kawe, aliwatoa wapi?" Sajini aliuliza. "Nondo sita wa kijivu waliokwisha tandazwa mabawa hawaokotwi njiani."

"Droo ya tano," Elinaza alijibu. "Nondo wa pamba wa Rufiji. Thelathini. Lakini wale Bwana Dakta huwahesabu kila arudipo safari. Kungekuwa na mapengo."

"Jumatatu niliwahesabu," Dakta alisema. "Walikuwa thelathini."

"Uliwahesabu, Bwana. Uliwatazama?"

Elinaza alivuta droo ya tano. Walikuwa thelathini, safu tano za sita sita. Katika safu ya nyuma kabisa, nondo wote sita walikuwa na kistari chembamba ukingoni mwa bawa, na chini ya vifua vyao hapakuwa na kitu. Hawakuwa na matumbo. Lebo zao zilisomeka PAMBA juu, RUFIJI chini, kila moja ina matundu mawili. Elinaza alifunika uso kwa mikono yote miwili akalia wazi wazi, mtu mzima, na Sajini akageukia dirisha ili asimwaibishe.

Dakta Whitcombe aliikaribia droo akaihesabu tena safu ile ya nyuma. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hata hilo angeweza kulipanga Elinaza mwenyewe.

"Angeweza," Sajini alikubali. "Nipe mpaka kesho saa nne."

Alhamisi saa nne chumba kilijaa. Bwana Shauri alikaa mbele na karatasi ya amri mezani, ikingoja sahihi ya mwisho. Dakta alikaa kulia kwake. Bi Bahiya alipewa kiti, Muhdhar akasimama nyuma yake. Elinaza alikuwa karibu na kabati, Ansbert na mashine yake ya chapa pembeni. Wilbert Komba alikuja wa mwisho, akawaamkia wote kwa heshima.

Sajini aliweka droo ya nne mezani.

"Bwana Wilbert, mimi ni polisi, wadudu siwajui. Tusaidie. Hawa wa Kawe ni nondo gani?"

Wilbert alichukua kioo cha kukuzia, akainama, hakufanya haraka. "Nondo wa pamba. Kile kistari anachokitaja Elinaza hakipo hata kwa mmoja. Alikosea, au alitaka kukosea."

"Umewatazama vizuri?"

"Vizuri sana."

"Hakuna kasoro yoyote? Maana baadaye watu watasema tulimharakisha."

"Hakuna, afande. Ni vielelezo kamili, kuanzia kichwa mpaka mkia."

Ansbert alitoa sauti ndogo kooni. Dakta Whitcombe aligeuza kichwa polepole akamtazama bwana shamba kana kwamba anamwona mara ya kwanza.

"Kamili," Sajini alirudia. "Na matumbo yao?"

"Matumbo yamefanya nini?"

Nyuso zilizomgeukia zilimtosha Wilbert kujua kwamba amekanyaga mahali, ila hakujua ni wapi.

"Ripoti ya Elinaza ilikuwa na kurasa mbili," Sajini alisema. "Wa kwanza unataja kistari. Wa pili unaeleza kwamba kistari hakiaminiki, na kwamba nondo hawa sita wamekatwa matumbo ili wapimwe kwa hadubini. Kila aliyefika ukurasa wa pili anajua kwamba nondo wa Kawe hawana matumbo. Elinaza anajua, alikata. Bwana Dakta anajua, aliviona vioo. Hata Ansbert anajua, masikini, alipiga chapa macho yamefumba. Yeyote kati yao angetaka kuwabadilisha, asingeweka nondo wenye matumbo. Muhdhar hakujua, lakini Muhdhar akishika nondo anatengeneza unga. Nilikuwa namtafuta mtu mwenye mkono wa fundi aliyeishia ukurasa wa kwanza."

"Watu wengi wana mikono mizuri," Wilbert alisema.

"Wengi. Wanaoweka mmea juu na mahali chini ni wachache, na sanduku lako Kinondoni linafanya hivyo hivyo. Ulipohamisha lebo, akili ilikuwa kwenye haraka, mkono ukafuata mazoea. Uliniambia hukufika hapa tangu mwanzo wa mwezi. Ansbert?"

"Alikuwepo Jumamosi," Ansbert alisema. "Saa sita u nusu. Nilimwacha hapa peke yake."

"Huu ni uzushi wa fundi na karani," Wilbert alisema, akageukia meza ya Wazungu. "Bwana Dakta, wewe ni msomi. Nondo ni hawa hapa."

Dakta Whitcombe alisimama. Alivaa koti lake jeupe, akachukua kibano, akamkata tumbo mmoja wa wale nondo wa droo ya nne. Akamwambia Elinaza awashe jiko la spiriti. Tumbo lilichemka kwenye magadi, likasafishwa, likalazwa juu ya kioo, kazi ya nusu saa na zaidi, na hakuna aliyetoka chumbani, hata Bi Bahiya ambaye harufu ilimfanya ajifunike buibui mpaka puani. Dakta alitazama kwenye hadubini. Kisha akampisha Bwana Shauri.

"Panda mbili," Dakta alisema. "Huyu ni nondo wa Rufiji aliyevishwa lebo ya Kawe. Nimesahihisha kazi za watu kwa miaka kumi na minane. Elinaza, Jumatatu nilikuita mwongo mbele ya watu, na mbele ya watu nasema nimekosea. Kazi yako ni sahihi. Hawa ni aina mbili."

Wilbert alikaa chini bila kuambiwa. Kaptura yake iliyopigwa pasi ilijikunja.

"Nilishatangaza barazani," alisema, na sasa hakuwa akimwambia mtu mmoja. "Picha yangu ilishatoka gazetini. Mnajua wangesema nini? Wangesema tuliwaambia, Mwafrika hawezi, tazama, hawezi hata kumtambua nondo. Kosa langu lingekuwa kosa la wote watakaonifuata. Nilifikiri miti ya mtu mmoja..." Hakumaliza, kwa kuwa mwenye miti alikuwa akimtazama.

Ni Elinaza aliyemjibu. "Na mimi niliyewatambua, Bwana Wilbert, ni nani? Mzungu?"

Kwenda Uingereza, cheo, picha, vyote vilikuwa vimemwondokea Wilbert mchana ule, na jambo lililomwuma Sajini ni kwamba mtu huyu angeweza kuvipata kwa kusema neno moja tu, nimekosea, kama Mzungu alivyolisema sasa hivi na hakuna lililompata. Sajini alimshika Wilbert mkono, akamwongoza nje kwa upole. Nyuma yao walisikia karatasi ya amri ikichanwa, na mara hiyo hiyo kigelegele cha Bi Bahiya, kirefu, kilichowafanya kunguru wa Temeke nzima waruke.

Ijumaa asubuhi saa mbili wakata miti kumi na wawili walifika Kawe na shoka zao, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuwaambia. Walikuta shamba limejaa watu na Sajini Gaudens amesimama njiani na barua. Bi Bahiya alisema mtu aliyeamka alfajiri kuja kufanya kazi harudishwi mikono mitupu. Akawanyang'anya shoka, akawagawia miti mirefu ya kuangulia matunda, na Muhdhar akawekwa kuwa nyapara wao.

Kisha Elinaza akasukumwa mbele. Watu walitaka kusikia. Barazani pale pale waliposimamishwa Septemba kuambiwa kwamba miti ile ni ugonjwa, walitaka kuambiwa sasa na yeye. Elinaza hakuwahi kuhutubia watu zaidi ya watatu. Alianza kwa sauti ndogo, akaeleza habari za mabawa na kistari kinachofutika, za mayai yasiyoanguliwa, na viwavi waliokufa njaa mbele ya pamba.

"Lakini wewe," mzee mmoja wa Msasani alimkatiza, "hasa hasa uliwajuaje?"

Elinaza alitazama huku na huku akimtafuta Ansbert amsaidie kupata neno la adabu. Ansbert alikuwa anatazama mawingu. Basi akasema lilivyo: kwamba dume la nondo hutambulikana kwa vifaa vyake vya udume, na si kwa mabawa.

Watu wa baraza walitazamana. Bi Bahiya akapiga makofi mara moja. "Wallahi, kumbe hata nondo! Ukitaka kumjua mume usimtazame mavazi!"

Wanawake walianguka kwa vicheko, vigelegele vikapanda, wakata miti wakaacha kazi kuuliza kumesemwa nini, na Sajini Gaudens alicheka mpaka akashika baiskeli asianguke. Elinaza alipata haya mpaka masikioni, lakini hakukaa chini. Alingoja watulie, akaendelea kuwaeleza tangu mwanzo, polepole, na hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza.